Kuuza mlio wa kamba: uzoefu wangu na Bandcamp nikiwa Unguja

Naanza na wateja, maana ndilo swali la kwanza la kila anayesikia tuna lebo ya muziki inayouza mtandaoni, kwenye Bandcamp. Albamu yetu ya mwisho imenunuliwa na watu 14. Nimewahesabu mara nyingi, hawazidi. Bei tuliyoweka ni dola 7, lakini mnunuzi ana ruhusa ya kuongeza, na mmoja alitoa 30 bila kuombwa. Tukafika kama dola 120 kabla ya makato. Kwa pesa hizo wapigaji wamepata chao, tumenunua betri za kirekodi, na kimebaki cha bando. Mwimbaji wa bongo fleva atacheka, na acheke, lakini kwa muziki wetu hiyo ni neema.

Muziki wenyewe ni ule ambao ukiupiga harusini utatolewa nje. Tuna kipande cha mafundi wa Nungwi wakitia kalafati jahazi, yaani kuziba nyufa za mbao zake, nyundo tano sita kwa pamoja, kila moja na mwendo wake, na tumbo la chombo likivuma kama ngoma. Tuna sanduku la kidumbak, lile la kamba moja linalotoa besi katika ngoma hiyo ya Unguja, ambalo halipigwi, linasuguliwa kamba yake kwa kumbi la nazi dakika 22. Tuna na jenereta. Waliokuwepo Unguja tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, umeme wa waya wa baharini ulipokatika kisiwa kizima miezi mitatu, wanajua nasema nini. Nilikuwa skuli wakati huo. Kila duka la Darajani lilikuwa na jenereta lake mlangoni na kila jenereta na sauti yake, nikipita nikijua bila kuangalia nimefika duka gani. Kipindi kile hakuna aliyewaza kurekodi, basi juzijuzi tuliazima jenereta nne tukayapanga uani kwetu Kikwajuni. Majirani walituvumilia siku moja tu.

Kipande hicho cha jenereta ndicho kilichotuhamisha. Mwanzo tulikuwa na kampuni ya kusambaza muziki, jina naliacha, unayolipa kwa mwaka nayo inakufikisha kwenye majukwaa yote makubwa. Wakakikataa. Waliandika kwamba faili lina kasoro ya sauti, turekodi upya mahali penye utulivu. Tukawaeleza kuwa hiyo kasoro ndiyo muziki. Wakajibu barua ileile, neno kwa neno. Mwaka ulipokwisha kadi yetu ya benki ikagoma kulipa ada, na asubuhi yake albamu zetu zote mbili hazipo popote. Hata zingekuwepo, Spotify, moja ya majukwaa hayo, tangu 2024 hailipi wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 katika miezi 12. Wimbo wa kamba kusuguliwa utaufikisha wapi elfu?

Bandcamp ni duka, na hapo ndipo tofauti yote ilipo. Kufungua ukurasa ni bure. Wanakata asilimia 15 ya mauzo ya faili, ikishuka kuwa 10 ukiuza dola 5,000 ndani ya miezi 12 (inshallah), na asilimia 10 kwa vitu vya kushikika kama kaseti na fulana. Juu yake kuna ada ya malipo. Katika dola 7, sisi hutubakia 5 na senti kidogo. Maelezo tunayaandika kwa Kiswahili na hakuna anayetukataza, na kila mwezi kuna nafasi 200 za kupakua bure, ambazo kwetu humalizwa na binamu.

Sasa mafaili, na hapa naomba uvumilivu, maana hapa ndipo pesa inapoteketea. Wao wanataka faili lisilopunguzwa: WAV, AIFF au FLAC. WAV ya biti 24 na kilohezi 48 inakula kama MB 17 kwa dakika, kwa hiyo lile sanduku la dakika 22 ni MB 380 hivi. Nikashauriwa nitumie FLAC, inayobana faili bila kutupa sauti, itapungua nusu. Kwa sanduku kweli ilipungua. Kwa rekodi ya mvua na mawimbi ya Mangapwani haikupungua kitu cha maana, nikadhani nimekosea mahali. Sikukosea. FLAC inabana kwa kukisia: inatazama sauti iliyopita, inabahatisha ijayo, halafu inahifadhi lile kosa la kukisia tu. Uzi wa kinanda unakisika. Bahari haikisiki, kila tone lina lake. Basi ukiwa unarekodi bahari panga bando la kutosha, na pandisha saa nane za usiku mtandao ukiwa mtupu. Mimi umeme umenikatikia nikiwa nimebakisha kidogo, nikaanza tena mwanzo. Siku hizi nabeba laptopu mpaka ofisi ya rafiki yangu Mlandege.

Jambo jingine la kujua ni kwamba anayesikiliza tu kabla ya kununua anasikia MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, na MP3 kazi yake ni kutupa kile inachodhani sikio halitakitafuta. Kwenye taarab hutambui. Kwenye mawimbi, utadhani mtu anasukutua. Tumeamua kuandika juu ya ukurasa, herufi kubwa: ukinunua, pakua FLAC.

Pesa hulipwa kupitia PayPal, huduma ya kulipana mtandaoni. Akaunti tumeiweka kwa mwenzetu aliye Mombasa, kwa sababu Kenya pesa ya PayPal inatolewa moja kwa moja M-Pesa, naye anaivusha huku kwa simu. Anayetaka kuanza, hili alipange kabla ya kurekodi hata sekunde moja, na aandikishane na huyo mtu, hata awe ndugu wa tumbo moja.

Halafu kuna ile Ijumaa. Tangu tarehe 20 Machi 2020, Bandcamp huchagua Ijumaa fulani ambazo hawakati fungu lao. Ya kwanza kwetu tulijitia ujuzi, tukatangaza saa sita ya usiku wa kuamkia Ijumaa. Watatu wakanunua hapohapo, na fungu likakatwa. Kumbe saa zinazohesabiwa ni za California. Kwetu Ijumaa yao inaingia saa nne asubuhi, au saa tano wakati wa baridi yao, ndio watu wanakwenda koga waende msikitini, na inatoka Jumamosi saa hizohizo. Kosa letu wenyewe, lakini dola 3 za watu ni dola 3.

Kinachonitia wasiwasi ni umiliki. Duka limekuwepo tangu 2008. Mwaka 2022 likanunuliwa na Epic Games, kampuni ya michezo ya video, mwaka uliofuata likauzwa kwa Songtradr, kampuni ya leseni za muziki, na karibu nusu ya wafanyakazi hawakuchukuliwa. Rekodi zetu za asili ziko kwenye diski mbili, moja kwangu, moja kwa mama mkwe. Bandcamp naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano naiweka mpaka nione mwenye duka ametulia.

Kuna vitu hatuuzi. Dhikri na maulidi ya homu tumeshaombwa na wageni mara kadhaa, na tumekataa bila kikao.

Mzee anayetupigia sanduku hana simu ya kisasa. Nilipompelekea fungu lake barazani alizihesabu noti, akaniangalia.

"Nani kanunua?"

"Watu wa mbali, babu. Mmoja Mjapani, yuko Osaka."

"Kanunua mlio wa kamba."

"Ndiyo."

"Kwani kwao kamba hakuna?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab, mwaka 1928 alipanda meli mpaka Bombay ili atiwe kwenye santuri, na huyu kakaa barazani na kahawa yake. Babu hakujibu. Wiki ya pili alinijia nyumbani na kapi la jahazi limefungwa ndani ya gunia, kaliazima Malindi. Akalining'iniza mwenyewe kwenye mwembe, akapitisha kamba, akavuta mara mbili polepole.

"Hili," akasema, "linalia zaidi. Washa mashine yako."