TAHADHARI: "Mkalimani wa Kisomali" anayezunguka Arusha na Moshi

Habarini wadau. Mnaofanya ushauri nasaha na afya ya akili hapa Arusha na Moshi, someni kabla hamjatuma hela.

Tulimpokea mama mmoja mgeni kutoka Somalia. Kiswahili hajui, Kiingereza hajui. Nikatafuta mtu wa kututafsiria fomu za Kiingereza kwenda Kisomali na kukalimani kwenye kikao. Grupu moja la WhatsApp likanielekeza kwa jamaa anayejiita mtaalamu wa lugha na saikolojia, picha kapiga na suti pale Mnara wa Saa, vyeti vina mihuri mpaka pembeni. Laki tatu na nusu, nusu itangulie. Nikatuma.

Kurasa kumi na mbili zikarudi baada ya dakika arobaini. Nilipaswa kushtuka hapo hapo. Kipeperushi chetu kilikuwa na ule msemo wa Kiingereza wa mtu kuwa "blue", yaani ana huzuni. Jamaa kaweka "buluug", rangi ya bluu kabisa! Dada mmoja Msomali anayeuza vitambaa soko la Kilombero alicheka mpaka akakaa: "Mgonjwa wenu mmempaka rangi?"

Hilo la karatasi ningelisamehe. Kwenye kikao mama aliongea kama dakika nne, sauti inakatika, jamaa kwenye simu akasema: "Anasema yuko sawa, ana mawazo tu." Fomu ya PHQ-9, ile ya kupima sonona, ina maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3, na la tisa linauliza mawazo ya kufa au kujidhuru. Mama hajamaliza kujibu, jamaa kashasema, "Hapana, weka sifuri." Wiki iliyofuata tulirudia na mkalimani mwingine. Swali lile lile, jibu likawa 2. Mengine ni siri yake. Yuko kwenye matibabu.

Kumbe Kisomali kina aina zake: mama anaongea Kimaay, na jamaa anabahatisha Kimaxaa, kile kinachosikika zaidi redioni. Mzungumzaji wa kimoja anaweza asimwelewe wa kingine. Kutojua si utapeli, ila yeye aliapa anavijua vyote viwili. Tena baada ya kikao akampigia shemeji wa mama kuomba "ya soda", akamsimulia yaliyosemwa. Siri ya mgonjwa ikafika sebuleni. Hili ndilo linaloniuma kuliko hela.

Mkitafuta mtu, ulizeni kwanza mgonjwa anaongea Kisomali cha wapi. Mpeni mfasiri aya moja tu, kisha mtu mwingine ambaye hajaona ya kwanza airudishe Kiingereza. Muulizeni pia "buufis" ni nini. Wasomali waliopita kambi za wakimbizi za Dadaab, Kenya, wanaijua: ile hamu ya kuhamishiwa ng'ambo inayomla mtu moyo mpaka usingizi unakimbia. Mtaalamu wetu alinijibu ni gesi tumboni. Na ndugu wa mgonjwa msimfanye mkalimani, hasa mtoto, hata kama ni bure.

Nilipodai hela yangu kaniblok. RB ya polisi ninayo, na namba yake nimeiripoti 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu, ila anabadilisha laini. Ujumbe wake huanza na "Daktari wangu, Kisomali cha kitabibu ndiyo kwetu," kisha anadai malipo yatangulie siku hiyo hiyo kwa sababu eti yuko njiani kwenda mahakamani kukalimani. Kama umeupata, piga skrinishoti uje inboksi, tuunganishe malalamiko.