Daino au plagi: kutyuni Vespa ya mipigo miwili

Ukibadilisha silinda au ekzosi ya skuta ya Vespa PX 200, jeti ya kiwandani, yaani kipande chenye tundu kinachopimia petroli ndani ya kabureta, haitoshi tena. Kwa kabureta ya Dell'Orto namba ndiyo tundu: jeti 118 ina tundu la milimita 1.18. Sasa jeti mpya inayofaa utaijuaje?

Fundi wa zamani huingia barabarani. Gia ya nne, gesi yote, kisha kwa wakati mmoja anabana klachi na kuzima injini. Plagi inafunguliwa ingali ya moto. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, sawa. Nyeupe, petroli ni haba na pistoni iko mbioni kukamata ndani ya silinda. Nyeusi yenye utelezi, imezidi. Gharama ni plagi mpya tu, ingawa petroli ya siku hizi huacha rangi hafifu, jicho linahitaji uzoefu.

Kwenye daino, tairi la nyuma linazungusha roli zito na kompyuta inachora nguvu kwa kila kasi ya injini. Hapo ndipo ekzosi hujulikana. Sikio huchukulia kelele kuwa nguvu. Mchoro unaonyesha nguvu iliyopotea kwenye kasi za katikati, na kwa PX hilo ni kubwa, maana gia ya tatu na ya nne zimeachana mno, ukipanda gia injini huangukia hapo.

Lakini mzunguko wa daino ni wa sekunde chache. Injini haipati joto la mlima mrefu. Mimi ekzosi na taimingi ya cheche ningezichagua kwa daino. Jeti ningeimalizia barabarani, nikianza na kubwa na kushuka kidogo kidogo, vidole viwili juu ya klachi, tayari kuibana pistoni ikikamata.