Kayoi-dokkuri la zamani: gudulia la sake nililonunua Kyoto

Kama nawe umeanza kukusanya tokkuri, yale magudulia ya udongo ya kuwekea sake, pombe ya mchele ya Kijapani, ushauri wangu ni kwamba Bizen, ufinyanzi wa Kijapani wa jina hilo, uiache kwanza. Ni nzuri, sibishi. Ule wekundu wa udongo usiopakwa kitu, wenye madoa ya majivu ya msonobari, hata mimi hunisimamisha. Ila bei zake hazishikiki kwa anayeanza. Mimi nilichukua kayoi-dokkuri, yaani tokkuri la kuazimwa dukani, pale kwenye gulio la hekalu la To-ji, Kyoto, gulio linalofanyika tarehe 21 ya kila mwezi. Yen 2,000, baada ya kuvutana kidogo na mzee muuzaji.

Magudulia haya yalikuwa mali ya duka. Mteja aliazimwa, akanywa kwake, akalirudisha lijazwe tena. Ndiyo maana jina la duka limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa za kujitangaza. Yalitumika tangu enzi za Edo (1603 hadi 1868), hadi chupa za kioo za lita 1.8 zilipoyafukuza karne ya 20. Langu lina mpaka namba ya simu, tarakimu mbili tu! Huduma ya simu Japani ilianza 1890, kati ya Tokyo na Yokohama, kwa hiyo akikuuzia mtu gudulia lenye namba ya simu akasema ni la Edo, mwache aendelee na hadithi zake.

Kazi yake ni ya mkono mwepesi, haina madoido. Maandishi ya rangi ya chuma yako chini ya ule mng'aro wa kioo unaofunika udongo. Pitisha kidole, husikii kitu. Kitako hakikung'arishwa, nacho kimesagika kwa miaka ya kuburuzwa sakafuni. Mdomo umemeguka kidogo, jambo la kawaida, na naona afadhali hivyo kuliko vile vilivyozibwa kwa rangi ya dhahabu vikaitwa kintsugi. Kintsugi yenyewe, ufundi wa Kijapani wa kuunga vyombo vilivyovunjika, ni utomvu wa mti wa urushi na unga wa dhahabu, na haiuzwi bei ya karanga.

Tatizo ni harufu. Shingo ni nyembamba, mkono haupiti, na ndani lilinuka stoo. Nililoweka kwa maji ya uvuguvugu na magadi, nikatia mchele mkavu nikatikisa, ikapungua, haikuisha. Sake siweki humo, naweka maua.

Nyota nne kwa tano. Ukiagiza kwa posta, mwambie muuzaji aifunge shingo peke yake kabla ya kufunga tumbo.