IC-7300 na FTDX10 kwenye waya mmoja: ipi ina masikio?

Asalaam alaykum jamani, karibuni tena kwenye chaneli. Leo sizunguki. Tangu nilipoazima hii FTDX10 ya Yaesu nikaiweka mezani pembeni ya IC-7300 yangu ya Icom, zote mbili redio za mawasiliano za wapenzi wa redio (amateur), kila anayeniandikia anauliza ipi ina skrini nzuri. Skrini! Redio unainunua usikie, ndugu yangu, si uitizame kama televisheni. Habari za wati 100, bendi na maikrofoni leo hamtazisikia kwangu, mnazijua. Tunaingia kwenye kipokezi tu, yaani ile sehemu inayosikia, na nakuombeni msiondoke kabla sijaonyesha kitu kimoja ambacho kimenipendeza mno.

Tuelewane kidogo kwanza. IC-7300, iliyotoka 2016, haizungushi mawimbi. Mawimbi yanatoka kwenye antena, yanapita kwenye vichujio vya bendi, halafu moja kwa moja kwenye chipu inayoyageuza kuwa namba. Kazi iliyobaki yote ni hesabu. FTDX10 imeshika njia ile ya Edwin Armstrong ya mwaka 1918: mawimbi yanachanganywa, yanaletwa kwenye megahezi 9, yanapita kwenye kichujio cha kristali, ndipo yafike kwenye chipu. Ina chipu nyingine inayotazama bendi nzima, lakini hiyo ni ya kuchora skrini. Masikio si yake.

Sasa nini maana yake? Mmeshawahi kushuka boti pale Malindi ya Unguja siku ya kuamkia sikukuu, abiria wote mlango mmoja? Basi IC-7300 inawapokea wote, halafu ndiyo inamtafuta inayemtaka. FTDX10 inawazuia wengi nje. Siku watu ni wachache, huoni tofauti yoyote.

Haya, tizameni hapa. Nina swichi ya antena, waya ni mmoja, dipoli, yaani antena ya pande mbili, ya bendi ya mita 40, waya kama mita kumi kila upande, kutoka mnazi mpaka mnazi. Rafiki yangu yuko nyumba ya pili, anagonga Morse kwenye kilohezi 7030. Mimi simtaki yeye. Namtaka huyu wa 7028, msikilizeni, ni dhaifu kabisa. Kilohezi mbili tu baina yao.

Naanza na Icom, priampu, kile kikuza mawimbi cha mwanzo, nimeiwasha. Mmeona? Zimetokea herufi OVF. Chipu imejaa. Na yule dhaifu hayupo tena, umebaki mchakacho. Nazima priampu. OVF inawaka na kuzima kila rafiki yangu akigonga. Sasa narudisha nyuma nobu ya RF, inayopunguza nguvu ya mawimbi yanayoingia, pole pole, pole pole... hapo! OVF imetoweka na yule dhaifu amerudi. Mwembamba, lakini yupo, naweza kuandika anachosema. Kwa hiyo wale wanaosema IC-7300 haifai kwenye Morse, waulizeni kwanza kama wameigusa hiyo nobu. Chipu ikiwa haijajaa, kichujio cha ndani, kile cha hesabu, kinakata vizuri sana.

Nageuza swichi. FTDX10, kichujio cha mbele, kile cha kristali, nimekiweka upana wa kilohezi 12, yaani mlango uko wazi. Sikilizeni: yule dhaifu anazama rafiki yangu akigonga, anaibuka akinyamaza. Anazama, anaibuka. Sasa nabonyeza, nakwenda kilohezi 3. Bado, kwa sababu jirani yuko kilohezi mbili, bado anagusa ukingo. Nabonyeza tena, hezi 500.

Subhanallah. Sikusogeza nobu yoyote. Msikilizeni tena, narudi kilohezi 12... anazama. Hezi 500... huyo hapo, mkavu, kila nukta na kila mstari. Hiki ndicho nilichokuwa nataka mkione. Ningeweza kukaa nabonyeza hivi mpaka alfajiri.

Lakini kuna jambo sharti niliseme, maana wauzaji hawalisemi. Jirani yako akiwa na transmita chafu, uchafu wake unaangukia juu ya masafa yako hasa, na hakuna kichujio duniani kitakachouondoa. Hapo redio zote mbili zinakuwa sawasawa.

Na sisi wa Kianga, hapa Unguja, tuna habari nyingine. Dole iko hapo tu, na wenye umri wanaijua mitambo yake ya mawimbi mafupi, kilohezi 11735, kilowati 50, iliyokuwa ikisikika mpaka Ulaya. Masafa hayo yako baina ya bendi ya mita 30 na ya mita 20. Mtambo kama ule ukiwa hewani, na wewe unakaa chini yake, vichujio vya bendi vinapunguza, havifuti. Mtu wa huku akiniambia anataka Yaesu, namwelewa kabisa.

Ila jana usiku rafiki yangu alikuwa amelala, nikazisikiliza zote mbili kwenye mita 40. Taa za LED za mtaani na inveta ya sola ya jirani zinanguruma juu ya kila kitu. Kile Icom inachosikia ndicho Yaesu inachosikia. Priampu hapa usiwashe kabisa, unakuza kelele tu. Kwa hiyo kama uko peke yako na waya wako, miye naona Icom inakutosha, na sasa kwa vile IC-7300MK2 ilishatangazwa 2025, za zamani utazipata mkononi. Mkiwa kundi, redio mbili uwanja mmoja, kama tunavyotaka kufanya Pemba, hapo lete FTDX10.

Bei zote mbili zilikuwa juu ya dola elfu, kabla ya usafiri na ushuru. Wakala mmoja alinitajia gharama ya kusafirisha, mzigo ulipofika akanitajia nyingine. Andikishaneni, jamani.

Mtauliza FT-891, redio nyingine ya Yaesu. Ni ndogo, ni rahisi, naipenda kwenye gari. Lakini yenyewe inapandisha mawimbi mpaka megahezi 69, na kichujio chembamba huko juu ni kazi ngumu, ndiyo maana wameishia kilohezi 3. Demo hii ya leo ingeishinda.

Wanaouliza leseni, ni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na usirushe kabla hujaipata. Video inayokuja naifungua hiyo inveta ya jirani, ameshaniruhusu, tuone feraiti, vile vipete vinavyovishwa kwenye nyaya, zinapunguza kelele kiasi gani. Mwenye redio ya Xiegu G90 anayeweza kuniazima, aniandikie hapo chini.