Uzoefu wangu: kugawa upya pointi za mhusika katika Baldur's Gate 3

Nimeicheza Baldur's Gate 3, gemu ya kompyuta ya kuigiza wahusika, kwa miezi saba, mara nyingi usiku baada ya watoto kulala, na katika mengi yanayosifiwa kwenye gemu hii, lililonifaa mimi kuliko yote ni jambo linaloonekana dogo: ruhusa ya kumvua mhusika pointi zake zote za uwezo na kuzigawa upya.

Miaka kadhaa iliyopita nilicheza gemu nyingine ya namna hii, ambayo sitaitaja, isiyokuwa na ruhusa hiyo. Nilitengeneza mpiga upinde, kisha, kwa kuwa sikuzielewa kanuni, nikazitawanya pointi zake kwenye ufasaha wa kusema, ufunguaji wa kufuli na utengenezaji wa dawa. Baada ya saa kama 40 nikakutana na bosi, yaani adui mkuu, ndani ya handaki, asiyesikia maneno wala asiye na kufuli ya kufungua, na mishale yangu ikawa inamkwaruza tu. Kilichobaki kilikuwa kuanza upya. Kwa mtu anayecheza saa tano kwa wiki, hiyo ni miezi miwili iliyokwenda na maji. Niliifuta.

Baldur's Gate 3, iliyotengenezwa na Larian Studios ya Ubelgiji na kutoka Agosti 2023, inafuata kanuni za toleo la tano la Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, ambazo mgeni hawezi kuzijua siku ya kwanza. Mwanzoni unapewa pointi 27 uzigawe kwenye nguvu, wepesi, siha, akili, busara na mvuto. Nilichagua mpiganaji, nikampa nguvu za kutosha na wepesi wa 16 nikiamini kwamba mtu mwepesi hukwepa mapanga, kisha nikamvika deraya nzito ya chuma. Nilifika ngazi ya tano ndipo nikasoma, kwenye maelezo yanayojitokeza ukiweka kishale juu ya namba ya kinga, kwamba deraya nzito haihesabu wepesi hata chembe. Wepesi ulikuwa ukinisaidia zaidi kuwahi zamu vitani. Kwa kinga ulikuwa kama mwavuli uliofunguliwa ndani ya nyumba.

Hapo nikamwendea Withers, maiti mkavu mwenye maneno ya kizamani, anayepatikana katika kaburi la chini ya ardhi mapema kabisa katika safari. Hata ukilipita kaburi hilo, atakuja mwenyewe kambini. Kwa vipande 100 vya dhahabu anamrudisha mhusika ngazi ya kwanza: unachagua upya fani yake kati ya 12, unagawa pointi zote, kisha unampandisha ngazi moja moja hadi pale alipokuwa. Kabila halibadiliki, aliyeanza akiwa elf, kiumbe wa hadithi mwenye masikio yaliyochongoka, atabaki elf. Nilishusha wepesi hadi 10, nikaongeza siha, na pambano lililokuwa limenishinda mara nne nikalimaliza jioni hiyohiyo.

Huduma hii inawahusu pia wenzako wa safari. Shadowheart, kuhani unayempata mapema, huja na wepesi wa 13, namba inayokera kwa sababu 12 na 13 hutoa nyongeza ileile ya moja. Nilimpunguzia nguvu asizozitumia sana, nikaufikisha wepesi wake 14, akaanza kufaidi kikamilifu deraya yake ya kati.

Wapo wanaosema bei hiyo ni ya bure, na ni kweli kwamba ukifika katikati ya gemu vipande 100 havikuumi. Tena ukiwa na mkono mwepesi unaweza kumwibia Withers na kuzirudisha fedha zako. Gemu nyingine ni kali zaidi: katika Elden Ring ya 2022, mhusika aitwaye Rennala hukupa nafasi kama hii kwa kifaa adimu chenye idadi yenye kikomo. Katika Diablo II, iliyotoka 2000, wachezaji walisubiri hadi 2010 ndipo sasisho likawaruhusu kugawa upya pointi zao. Hoja ya wanaolalamikia bei hiyo ni kwamba uamuzi unaofutika hauna uzito. Mimi naona uzito wa gemu hii umekaa kwingine: kijiji ulichokisaliti, mwenzako uliyemvunja moyo. Hayo Withers hayagusi, hata umlipe dhahabu ya dunia nzima. Anachokurudishia ni hesabu tu, na sioni kwa nini mtu aadhibiwe miezi miwili kwa kukosea hesabu ambayo hakufundishwa.

Naipa 9 kati ya 10. Moja nimeikata kwa sababu ya kule kupandisha ngazi moja moja na kuvipanga tena vitufe vya uchawi kwenye ukanda wa chini, kazi ambayo kwa mhusika wa ngazi ya 12 humeza robo saa nzima, na usiku ambao kesho yake watoto wana shule, robo saa kwangu ni nyingi.