Tikal au Caracol: maji ya mji yakae wapi?

Tikal, mji wa kale wa Wamaya (wenyeji wa Amerika ya Kati) nchini Guatemala, haikuwa na mto. Wamaya walisakafu viwanja vyao kwa chokaa, wakavipa mwinamo ili mvua iteremke hadi kwenye mabwawa makubwa. Katika bwawa la Corriental walichuja maji kwa mchanga wa kwatzi na zeolaiti, madini yanayonasa vijidudu na sumu. Kazi ya kuvutia mno! Lakini mabwawa ya karibu na kasri yaliingiwa na zebaki, inayodhaniwa kutoka kwenye rangi nyekundu ya majengo, pamoja na mwani wenye sumu. Bwawa la wote likichafuka, wengi hukosa pa kukimbilia.

Caracol, mji mwingine wa kale wa Wamaya nchini Belize, ilitawanya huduma. Upimaji wa leza kutoka angani mwaka 2009 ulionyesha matuta ya kilimo yamefunika vilima katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 200. Familia zililima kando ya nyumba, bwawa dogo likiwa jirani, na barabara za kutembea kwa miguu zikaelekea katikati ya mji.

Mimi nachagua Caracol. Tuta moja huzuia udongo, hushika maji na hulisha nyumba. Ila kichujio cha Corriental nacho ningekibeba.