Boti ya ziwani inashuka baharini: nunua nini kwanza, nini kisubiri

Boti ya faiba ya meta tano yenye injini ya nguvu za farasi 15 au 40, iliyozoea maji ya Mwanza, Kisumu au Naivasha, haihitaji kufumuliwa ili iingie baharini. Inahitaji vitu vichache, vinunuliwe kwa mpangilio mzuri. Wengi wanaoteremsha boti zao pwani huanza na rangi mpya, viti na kifaa cha kutafutia samaki, halafu nanga inabaki ile ile ya jiwe. Hapo ndipo ninapotaka kuwazuia.

Orodha hii nimeipanga kwa swali moja: kitu hiki kikikosekana, ni nani ataumia, na baada ya muda gani? Kinachoweza kupoteza watu kwa saa moja kinatangulia. Kinachoua injini kwa wiki au miezi kinafuata. Vya kupendezesha boti nimeviacha mkiani.

Silidharau ziwa. Ziwa Victoria lina dhoruba za ghafla, na limezika watu wengi. Lakini ufuo wa ziwa unakaa mahali pake. Pwani ya Tanzania na Kenya maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua (maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu) tofauti kati ya kupwa na kujaa hufika meta 3 hadi 4. Mlango wa mwamba uliopita asubuhi ukienda nje unaweza kuwa mawe matupu ukirudi. Siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, saa ambayo mgeni hupenda kuanza safari yake. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, tafuta jedwali la maji la mwaka huo. Kenya Ports Authority hulitoa kila mwaka. Siku ya kwanza chagua maji mafu (siku ambazo tofauti hiyo ni ndogo), toka maji yakiwa yanajaa, na ubaki ndani ya ghuba: Msasani, Tanga, Kilifi, popote palipo na kinga.

Nafasi ya kwanza: jaketi okozi, moja kwa kila kichwa

Tazama lebo ya ndani. Jaketi zinazofuata kiwango cha ISO 12402 huandikwa nguvu ya kuelea kwa niutoni. Ya 150 ndiyo bora kwa anayetoka nje ya mwamba. Ya 100 inatosha ndani ya ghuba. Ya 50 ni ya mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Haikutengenezwa kumgeuza aliyezimia alale chali, kwa hiyo usiihesabu kama jaketi la safari. Yasiyo na lebo yoyote, yale mepesi ya rangi ya chungwa yanayoning'inizwa madukani, yaache hata kama bei inavutia. La mtoto liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu, la sivyo litapanda na kumwacha chini.

Ukishanunua, livae na uingie nalo kwenye maji ya kifuani kabla ya safari. Mdomo ubaki juu bila wewe kupiga miguu. Na likishapakiwa kwenye boti, livaliwe. Lililo chini ya ubao halimfikii aliyetupwa na wimbi.

Nafasi ya pili: nanga, mnyororo na amari (kamba ya nanga)

Hapa ndipo pesa yako ya kwanza kubwa iende, na hapa ndipo boti za ziwani huwa na upungufu mkubwa zaidi. Injini ikizima ziwani, mara nyingi unasubiri mwenzako apite. Ikizima nje ya mwamba wakati wa kusi (upepo wa msimu utokao kusini), upepo na mawimbi vinakupeleka kwenye mwamba. Ikizima alfajiri, upepo unaotoka bara unakusogeza nje kuelekea kwenye mkondo, na mkondo wa pwani ya Tanzania na kusini mwa Kenya huenda kaskazini mwaka mzima, ukipata nguvu zaidi majira ya kusi. Katika hali zote mbili kitu kinachokupa muda wa kufikiri ni nanga iliyoshika.

Kwa chini ya mchanga au tope, chaguo langu la kwanza ni nanga ya mabapa mawili inayokunjuka, aina ya Danforth, ya kilo 4 hadi 6 kwa boti ya meta tano. Inajizika kadiri inavyovutwa. Ya pili ni nanga ya makucha manne. Hii hung'ang'ania mawe, na ndiyo wavuvi wengi wa pwani wanayobeba. Ila kwenye mchanga huburuta, na ikitupwa juu ya matumbawe hai huyavunja, basi tafuta kipande cha mchanga. Ile ndogo ya makucha yanayokunjwa, ya kilo moja na nusu, ni ya mtumbwi ziwa likiwa limetulia. Jiwe si nanga ya baharini.

Nanga peke yake haitoshi. Funga mnyororo wa chuma wa meta 3 hadi 5, wenye unene wa milimita 6 au 8, kati ya nanga na kamba. Uzito wake huulaza mpini wa nanga chini ili ishike, na hauchanwi na matumbawe. Amari iwe ya nailoni ya milimita 10 au 12. Nailoni hunyumbuka wimbi linapovuta, na huzama. Kamba za bluu za polipropilini zilizojaa madukani ni rahisi kwa bei, lakini huelea, zikanaswa na pangaboi (panga la injini linalosukuma maji), na jua huzikausha hadi zikakatika.

Urefu ndio unaowapoteza watu. Tuseme umetia nanga maji yakiwa yamepwa, kina ni meta 2. Yakijaa huenda yakapanda meta 3.5 zaidi, na omo (sehemu ya mbele) ya boti iko nusu meta juu ya maji. Jumla meta 6. Kamba inatakiwa iwe mara 5 ya hapo, yaani meta 30, na upepo ukiwa mkali mara 7, yaani meta 42. Nunua 50. Aliyezoea ziwani angetoa meta 10 kwa kina hicho hicho, na mchana boti yake ingeinyanyua nanga na kuondoka.

Nafasi ya tatu: anodi na maji baridi

Vitu hivi ni vya bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha hii, na ndivyo vinavyoamua kama injini itafika mwaka wa pili.

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Chumvi hiyo huyafanya maji yapitishe umeme vizuri, na metali mbili tofauti zikiwa ndani yake zimegusana, iliyo dhaifu huliwa. Kwenye injini ya nje, mwili wa alumini ndio huliwa ukiwa karibu na chuma cha pua cha pangaboi na ekseli yake. Anodi ni kipande cha metali iliyo dhaifu zaidi kinachofungwa ili kiliwe badala ya injini.

Kwa hiyo kwanza jua boti yako ina anodi gani. Boti zilizotayarishwa kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, wakati mwingine hufungwa za magnesi. Baharini magnesi huyeyuka upesi mno, na inaweza hata kubandua rangi ya mwili wa alumini. Ing'oe. Badala yake, chaguo la kwanza ni anodi ya aloi ya alumini iliyotengenezwa kwa kazi hiyo: hufanya kazi kwenye chumvi na kwenye maji ya mchanganyiko, kama mdomo wa Pangani au delta ya Rufiji. Chaguo la pili ni zinki, nzuri baharini, ila ikirudishwa ziwani hujifunika utando na kulala. Usichanganye aina mbili kwenye injini moja. Na usikubali fundi akukatie kipande cha alumini ya kawaida. Bila aloi yake, nayo hujifunika na haikingi kitu.

Anodi isipakwe rangi kamwe, na pale inapofungwa pakwanguliwe hadi metali ionekane, maana bila kugusana metali kwa metali haifanyi kazi. Ikiliwa nusu, badilisha. Anodi ambayo haijaliwa kabisa baada ya miezi baharini ni dalili mbaya: haikugusa, na kitu kingine kimeliwa.

Halafu kusafisha. Siku ile ile uliyorudi, kabla chumvi haijakauka ndani ya njia za kupozea, washa injini ivute maji baridi kwa dakika 10. Vikombe vya mpira vinavyobana matundu ya maji na kuunganishwa na mpira wa bomba ni rahisi kubeba. Lakini pipa la lita 200 lililokatwa mdomo linafaa zaidi pale bomba lisipo na nguvu, mradi maji yafunike matundu ya kuvutia vizuri. Kwa njia zote mbili injini isiwe kwenye gia. Na jambo ambalo mgeni wa pwani halijui: visima vingi karibu na ufuo vina chumvi. Yaonje maji kwanza.

Nunua pia impela (gurudumu la raba linalosukuma maji) ya akiba ya pampu ya maji. Mchanga wa ufukweni huitafuna raba, na ile iliyokaa miaka ndani ya injini ya ziwani ibadilishwe kabla ya kushuka. Ule mchirizi wa maji unaotoka ubavuni mwa injini uutazame kila unapowasha. Ukipungua, zima.

Nafasi ya nne: redio

Redio ya mkononi ya VHF, ya wati 5 au 6, isiyopitisha maji na inayoelea, inaishinda simu kwa sababu moja kubwa: kila chombo kilicho karibu kinachosikiliza chaneli 16 kitakusikia kwa pamoja, hata usiowajua namba zao. Ukiwa umeketi kwenye boti ndogo hufika maili chache tu, kwa kuwa hupita kwa mstari ulionyooka na wewe uko chini. Inatosha kuifikia meli au boti ya utalii. Simu ibebe pia, ndani ya mfuko usiopenya maji, pamoja na tochi, firimbi na kioo. Masharti ya leseni ya redio uliza mamlaka ya mawasiliano: TCRA kwa Tanzania au, Kenya, Communications Authority. Usajili na ukaguzi wa chombo ni wa mamlaka za usafiri wa majini: TASAC kwa Tanzania Bara, ZMA kwa Zanzibar, na Kenya Maritime Authority kwa Kenya. Maliza haya kabla boti haijagusa maji.

Nafasi ya tano ni njia ya pili ya kusogea. Makasia mawili ya kweli, yenye mahali pa kuegemea, ndiyo kiwango cha chini. Upondo (mti wa kusukumia chombo) hauna kazi mahali pasipo na chini ya kuifikia. Mwenye uwezo aweke injini ndogo ya farasi 4 au 5. Mafuta uyagawe mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, na la kutoguswa.

Nafasi ya sita: pangaboi

Wengi hushangaa kulikuta hapa. Ziwa Victoria liko karibu meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, Naivasha karibu 1,880. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila meta 300 za mwinuko, kwa sababu hewa ni nyepesi. Fundi wa ziwani aliyelichagua pangaboi lako vizuri alilifanya jepesi ili injini hiyo iliyopungukiwa iweze kulizungusha. Ukishuka pwani nguvu inarudi, na injini inaweza kuzunguka kupita kiwango chake. Kama boti inapiga kelele kali lakini mwendo hauongezeki, tafuta pangaboi lenye mwinamo mkubwa zaidi wa bapa (pitch kwa Kiingereza), kwa kawaida kwa inchi moja au mbili. Kabureta nayo ikaguliwe ikiwa iliwahi kurekebishwa kwa hewa ya juu. Pangaboi la alumini linakufaa kuliko la chuma cha pua kwa mwanzo: likigonga mwamba linapinda lenyewe, na gia haivunjiki kirahisi.

Nafasi ya saba: bolti, misumari na waya

Bolti za chuma cha pua ziwe za daraja 316, lenye molibdeni, badala ya 304. Sumaku haiwezi kukuonyesha tofauti ya hizo mbili, basi nunua kwa muuzaji anayeonyesha alama kwenye kichwa cha bolti. Waya za umeme ziwe za shaba iliyopakwa bati. Shaba tupu hugeuka kijani na kukatika ndani ya ganda lake bila kuonekana.

Mwenye boti ya mbao ana kazi ya ziada, na kwake nafasi hii ipande juu ya redio. Misumari ya kawaida ya chuma na vipande vya bati vilivyozibia nyufa ziwani havitadumu, na kuna viumbe wa baharini wanaotoboa mbao na kuila kwa ndani. Mpelekee fundi wa majahazi akague mkuku (uti wa chini wa chombo) na mataruma (mbavu zake), atie upya kalafati ya kuziba nyufa, na akushauri juu ya sifa na shahamu, yale mafuta ya kupaka mbao. Mafundi wa pwani wameyafanya haya kwa karne nyingi, na ushauri wao ni wa bei nafuu kuliko mbao mpya.

Rangi ya kuzuia viumbe kuota chini ya boti inakaa mwisho. Boti inayolala juu ya trela haiihitaji kabisa. Inayolala majini inaihitaji ndani ya wiki chache. Ila bodi ya alumini isipakwe rangi yenye shaba, kwa sababu shaba itaila.

Trela yenyewe ndiyo hufa kwanza kwa wengi. Ibaki juu kadiri ngazi ya kushushia inavyoruhusu, na uangalie jedwali: maji yakipwa, zege linaweza kuishia mchangani na gari likakwama. Chomoa taa kabla ya kuingia majini, acha vitovu vya magurudumu vipoe kwanza ili visifyonze maji ya chumvi, jaza beringi grisi ya baharini, na umwagie breki maji baridi kabla ya kuanza kupanda tena kuelekea Morogoro au Voi.